Tanbihi ya Arobaini na Saba

Mara ya kwanza Hitimana alidhani ni kompyuta tu, maana kompyuta za Joanita zilikuwa na umri wa kustaafu na tabia za watoto. Alikuwa amefuta tanbihi ya arobaini na saba, ile mistari midogo ya chini ya ukurasa ambayo wanasheria huiandika ili waonekane wamesoma. Akainuka, akanunua sambaza, vidagaa vya ziwani vya kukaanga, pale kona, akarudi. Tanbihi ilikuwa mahali pake. Akaifuta tena, bila kuisoma.

Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma bati zote za Nengo, mtaa wa Gisenyi, na bado vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Bon, tuseme ukweli. Hitimana alikuwa na licence, digrii ya sheria, na miaka minne ya kuitembeza ofisi hadi ofisi ndani ya bahasha. Mwishowe alipata kiti kwenye secrétariat, duka la kuchapia nyaraka, la Joanita, mama aliyerudi kutoka Uganda na mashine mbili za kuchapa. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mémoire, tasnifu za watoto wa wakubwa, watoto wasiojua tofauti ya mkopo na mahari lakini viti vyao vinawangoja Kigali. Sasa chuo kimoja kilitaka assistant, mhadhiri msaidizi wa sheria. Sharti: makala moja kwenye jarida la kisomi, jina moja juu yake. Hitimana hakuwa na makala. Denyse ndiye aliyekuwa nayo.

Denyse alikuwa rafiki yake tangu mwaka wa kwanza, na angekuwa zaidi ya rafiki kama Hitimana angejua kusema kitu kingine mbali na ibara na vifungu. Aliandika kazi iliyowafanya maprofesa wakohoe. Alichukua shamba moja la viazi huko Bugeshi, akalifuata kwenye sheria ya ardhi, kwenye sheria ya familia, kwenye sheria ya jinai, akaonyesha jinsi kila sheria ilivyomtazama mjane mmoja na kumwambia, si hapa, jaribu mlango wa pili. Mjane huyo alimwandika "Mama M." Alikuwa Mukasine, mama yake mzazi, aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake kwa karatasi ya kughushi. Wiki mbili kabla ya kumaliza, taxi-moto, pikipiki ya abiria iliyokuwa ikimteremsha Denyse kutoka Bugeshi, iliteleza kwenye matope. Kazi yote ilibaki kwenye flash aliyomwachia Hitimana amsahihishie koma.

Siku ya gukura ikiriyo, siku ya kufunga matanga, mjomba mtu alisimama, akauliza kama inavyoulizwa: mwenye kitu cha marehemu aseme sasa, mbele ya watu, ili marehemu apumzike. Mmoja akarudisha mwavuli. Mwingine jembe. Hitimana alikuwa na flash mfukoni, na macho yake yakawa chini kwenye viatu. Mukasine akamletea ikigage, pombe ya mtama, kwa mikono miwili, akamwita mwanangu.

Basi akakata majina, akapunguza tanbihi, akaandika jina lake juu, akaituma makala. Wahariri wakajibu wameipenda; asafishe kidogo, barua ya mwisho itatoka Jumatano ya tarehe kumi na tisa. Na kila alipokaa kusafisha, ya arobaini na saba ilikuwa imerudi.

Halafu ikaja harufu. Udongo uliochimbuliwa asubuhi, viazi vibichi, moshi wa kuni zenye umande. Harufu ya Bugeshi, juu kabisa chini ya volkano, ndani ya chumba cha ziwani chenye joto la kuivisha mkate. Wateja walianza kuvuta makoti. Siku moja vitufe vya kompyuta ya pembeni vikaanza kulia, tak, tak-tak, pole, kama mtu anayefikiri kabla ya kuandika.

Joanita alimshika mkono. "Hiti, angalia waya," alinong'ona. "Hiyo mashine nimeitoa kwa umeme tangu asubuhi."

Ijumaa baada ya swala Joanita alimleta Twahir, mtu wa mtaa wa Waswahili, mwenye ndugu nusu huku na nusu Goma, anayesomea watu pande zote mbili za mpaka. Twahir alisoma, akanyunyiza maji pembe nne, akanusa hewa kama mtu anayechagua nyama. Akamuuliza Hitimana nani alikufa. Akaambiwa. Akafunga kitabu chake.

"Jini minajua harufu yake," alisema. "Hii inanuka viazi. Ni umuzimu, tena ya mutu mwenye alikuwa anakupenda. Mi siwezi kufukuza mutu wenu."

Hitimana akauliza, marehemu anataka nini sasa.

"We si iko mutu wa masomo? Amekuandikia mara ngapi? Soma."

Basi akaisoma, kwa mara ya kwanza. Ilisema: daftari la baraza la familia, ukurasa wa kumi na mbili, shamba alipewa Mukasine, saini tatu, limeonwa na mwandishi kwa katibu wa zamani wa kijiji, ni ushahidi mpya, ombi la kesi kurudiwa lifike mahakamani kabla ya Jumanne tarehe kumi na nane, saa kumi na moja jioni.

Siku nne. Kupanda Bugeshi ni asubuhi moja. Lakini ushahidi ule ungeingia mahakamani na jina la aliyeupata, na kazi yake nyuma yake, na makala ya Hitimana ingekufa siku hiyohiyo, pamoja na kiti cha chuo. Akajiambia, Jumatano nipate barua, Alhamisi nipande. Majaji ni binadamu, wataelewa. Na alijua ni uongo, maana kwenye mtihani wa muda wa mwisho wa kufungua mashauri ndiko pekee alikowahi kulishinda darasa zima, hata Denyse.

Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, vitufe havikunyamaza, na baridi ikashuka mpaka pumzi ikaonekana mchana kweupe, na Jumanne alipofungua makala tanbihi zote tisini zilikuwa zimekuwa moja, ya arobaini na saba, ukurasa hadi ukurasa, na katikati ya tak-tak hiyo akasikia mtu anavuta kamasi, pole, kama anayelia huku anafanya kazi kwa sababu kazi haingoji, na Hitimana akakaa pale pale, mikono chini ya mapaja, akitazama saa ya ukutani, saa tisa, saa kumi, kumi na nusu, akimwomba kwa Kinyarwanda, Denyse we, mbabarira, nisamehe, kesho kutwa, nakuapia kesho kutwa.

Saa kumi na moja kamili vitufe vikanyamaza.

Harufu ikaondoka kama mtu aliyetoka bila kufunga mlango. Joto la ziwa likaingia. Joanita akapiga makofi taratibu, akamshukuru Mungu, akasema kumbe maji ya Twahir yana nguvu. Akamwona Hitimana analia, akadhani ni furaha.

Alhamisi hakupanda.

Mwezi wa tisa Mukasine aliteremka Gisenyi na igitenge chake cha kanisani, akaja kumpongeza assistant mpya kwenye ofisi yake. Alikataa chai. Alisema shemeji ameshaliuza shamba, na mnunuzi amejenga ukuta, halionekani tena kutoka barabarani. Kisha akasogeza kiti.

"Mwanangu, siku ile anashuka, Denyse aliniambia, Mama, nimepata karatasi. Sikujua karatasi gani. Wewe sasa ni mwalimu wa sheria. Haiwezi bado kunisaidia?"

"Muda ulikwisha, Mama."

"Ulikwisha lini?"

Alijua siku. Alijua saa.

"Zamani," akasema. "Kabla hajafariki."

Mukasine akatikisa kichwa polepole, mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Donc hata angekuwa hai, asingeweza."

Hitimana akangoja. Akatazama kompyuta, akatazama mlango. Akangoja baridi ije, akaitamani. Chumba kilikuwa cha joto, na ndani yake walikuwa wawili tu.

"Hata yeye," akasema.