Kwani Nywele Zangu Zinaumwa Nini?

Cherehani ya Mama Kinda iliimba tangu asubuhi. Alikuwa akishona gauni la harusi ya mdogo wake, na kitambaa cheupe kilimjaa mapajani kama povu la sabuni. Kichwani alijifunga kilemba, kama kawaida yake. Alilala nacho, akaamka nacho. Mumewe alizoea kumtania, "Siku hizi sijui nimeoa mke au nimeoa kilemba." Mama Kinda alicheka, lakini hakukivua.

Kinda, binti yao wa pekee, alikaa kizingitini akitenga vifungo, vikubwa huku, vidogo kule.

"Jumamosi utabeba maua ya bibi harusi," mama alimwambia. "Kwa hiyo leo nakupeleka kwa Chanuo, akutie dawa."

Mtoto aliacha vifungo. "Dawa ya nini?"

"Ya nywele. Zilainike."

"Kwani nywele zangu zinaumwa nini?"

Mama Kinda alicheka hadi uzi ukamkatikia. "Haziumwi. Ni ngumu tu."

"Basi kama haziumwi, dawa ya nini?"

"Una mdomo wewe. Vaa viatu."

Chanuo alikuwa msusi. Saluni yake na chumba cha kushonea vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na wenyewe walipiga soga bila kuonana. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuacha kuchomeka chanuo nywelini, hata msibani. Kazi yake aliisomea chuoni, na alipenda kuieleza.

Alimkalisha Kinda kitini, akaanza kumfumua. Mtoto alifumba macho na kuuma meno. Chanuo akasita. Kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, palikuwa na vipele vidogo. Juu ya masikio nywele zilikuwa chache, nyembamba kama nyuzi za buibui.

"Nani alimsuka hivi?"

"Mimi. Nilikaza ili zidumu."

"Zimedumu, jirani. Ngozi ndiyo haikudumu."

"Ndiyo maana nataka umtie dawa. Zikilainika, sitahangaika kukaza."

"Simtii."

"Basi nitakwenda kwa mwingine."

"Nenda, sitakuzuia. Lakini kwanza funga huo mlango, uvue kilemba."

Mama Kinda alimtazama msusi, kisha akamtazama mwanawe. Alifunga mlango. Alifungua fundo la kilemba polepole, kama mtu anayefungua kidonda.

Kuanzia kwenye paji hadi masikioni, pande zote mbili, hapakuwa na unywele. Ngozi iling'aa. Kinda hakuwa amewahi kuona. Alinyoosha kidole, akamgusa mama yake.

"Mama, za hapa zilikwenda wapi?"

Chanuo akamvutia Mama Kinda kigoda.

"Ulianza lini kukazwa?"

"Nilipokuwa kama huyu. Mama yangu alisema ukilia, ndiyo zimeshika. Na dawa ikiwasha, ndiyo inafanya kazi."

"Ikiwasha, inakuunguza. Sikiliza, jirani. Unywele ni kama mche. Ukiuvuta kila siku, mizizi yake inalegea. Ukiongeza dawa kali, ngozi inaumia zaidi. Mwanzoni ukiacha, nywele huota tena. Ukiendelea miaka na miaka, kishimo cha unywele hufunga kovu. Kovu halioti kitu."

"Na huyu?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Huyu bado mapema. Ndiyo maana nimekataa."

Mama Kinda alirudi nyumbani na neno moja kichwani: asili. Kuanzia leo, vitu vya asili tu. Jioni hiyo hiyo alisaga kitunguu, akakamulia malimau, akajisugua pale palipong'aa. Paliwasha. Akavumilia, kwa mazoea yale yale ya zamani. Kesho yake alianika nguo juani bila kilemba. Kufika mchana ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, ina malengelenge.

"Si ulisema niache dawa kali?" alimlalamikia Chanuo. "Mbona vya asili vimeniunguza?"

"Nani amekwambia cha asili hakina madhara? Upupu nao ni wa asili. Jipake basi."

Mama Kinda alicheka huku machozi yakimtoka. Chanuo alimsindikiza zahanati. Muuguzi alimsafisha, akampa dawa ya kupaka. Alimweleza kwamba limau huunguza ngozi, hasa ukitoka juani. Kitu chochote kipya, cha dukani au cha shambani, kijaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, usubiri siku mbili. Na kichwa chenye vidonda au mabaka hupelekwa zahanati, si jikoni.

"Hapa patarudi," muuguzi alisema, akigusa upande wa kushoto. Akagusa wa kulia. "Hapa siwezi kukuahidi."

Siku ya kuandaa harusi, Chanuo alimfundisha Mama Kinda kwa vitendo. Aliosha kichwa cha Kinda kwa sabuni laini, akasuuza vizuri. Nywele zikiwa bado na maji, alipaka mafuta ya nazi kidogo.

"Maji ndiyo yanayolainisha. Mafuta yanayafungia yasitoroke. Sasa chana kwa chanuo lenye meno yaliyoachana. Anza kwenye ncha, kisha upande juu taratibu. Ukianza kwenye shina, unang'oa."

"Na kusuka?"

"Suka, lakini mwambie akunje uso. Akishindwa kukunja, umekaza mno."

Kinda alikunja uso mpaka akafanana na babu yake. Wote wakacheka.

"Na chakula gani kinaotesha nywele?"

"Hakuna chakula cha uchawi. Nywele na ngozi hula unachokula wewe. Ukishinda na chai na mkate, nazo zimeshinda na chai na mkate."

Tangu hapo maharage, mayai, dagaa na mboga za majani vilipokezana mezani, na matunda hayakukosekana. Mume alinung'unika kwa mzaha, "Nakula maharage ya nywele, na mimi nina kipara."

"Chako ni cha urithi, shemeji," Chanuo alimjibu. "Kula tu, king'ae."

Kinda alibeba maua akiwa na vifundo viwili vilaini, na hakuuma meno hata kidogo. Vipele vilikauka. Miezi ilipopita, nywele za juu ya masikio zilijaza pengo. Kwa mama yake, upande wa kushoto uliota manyoya kama ya kifaranga. Upande wa kulia ulibaki vile vile. Kilemba alikikata, akashona mfuko wa vifungo.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia saluni akimvuta bintiye mkono. "Mtie dawa huyu. Kichwa chake kinanitesa."

Kutoka kizingitini, sauti ndogo iliuliza, "Anaumwa nini?"

Mgeni aligeuka. Chanuo aliuma mdomo asicheke. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza, na Mama Kinda akaingia, pini zikiwa bado kifuani. Alivuta kigoda, akaketi, akageuza upande wake wa kulia kwenye mwanga.

"Karibu, dada," alisema. "Kabla ya dawa, tazama hapa."