Nyongeza ya Mjomba Alcide

Kila Jumamosi asubuhi Mirelle Duplantier alimsaidia mjomba wake, Alcide, kuuza kamba wa kuchemsha kando ya barabara, jijini New Orleans. Mjomba alipima kwa ratili, akamimina kwenye mfuko wa karatasi, kisha akatupia kamba wengine juu na kutamka neno ambalo wateja walilingojea: "Lanyapu."

Mirelle alilipenda mno neno hilo. Mwalimu alipowataka wanafunzi watafute maana na asili ya neno moja la Kiingereza linalotumika nyumbani kwao, hakusitasita. Aliandika kuwa lagniappe, linalotamkwa lanyapu, ni kitu kidogo ambacho muuzaji humwongezea mnunuzi bure, na kwamba asili yake ni Kifaransa. Jumamosi iliyofuata aliwasomea wateja alichoandika.

"Kifaransa cha wapi?" Mama Quispe aliuliza huku akicheka. Alikuwa mteja wao wa siku nyingi, mzaliwa wa milima ya Bolivia. "Hilo ni letu, mwanangu. Kwa Kikechua, lugha yetu ya milimani, yapa ni nyongeza. Sokoni kwetu ukishanunua viazi unamwambia muuzaji, niongezee basi, mama. Wahispania wakalichukua, wakalibandikia 'la' yao mbele, likafika huku. Wafaransa wakaliandika wanavyojua wao, na wenye Kiingereza wakalidaka. Limetembea kuliko mimi."

Mirelle alicheka, akageuka amsimulie Mjomba. Hapo ndipo alipoona. Mjomba alikuwa amekwishapima ratili mbili za Mama Quispe, akaipa foleni mgongo, akachota kiganja tele kutoka kwenye mfuko ule na kukirudisha sufuriani. Kisha akageuka na tabasamu lake, akatupia kamba wachache.

"Lanyapu, mama. Kwa ajili yako tu."

"Mungu akubariki, Alcide."

Damu ilimchemka Mirelle. Kumbe Jumamosi zote hizo watu walikuwa wakishukuru kwa kurudishiwa robo ya walichoibiwa! Na yeye alisimama pale pale, akichekacheka kama zuzu. Aliuchukua mfuko mkononi mwa Mama Quispe akaurudisha kwenye mizani. Mshale ulisimama kabla ya mbili.

"We Mirelle, una wazimu? Mpe mteja mfuko wake."

"Angalia mshale, Mjomba. Hata na hiyo zawadi yako haufiki."

"Kamba wakipoa wanapungua."

"Wamepoa saa ngapi? Si hao bado wanafuka moshi? Nimeuona mkono wako."

Mzee mmoja kwenye foleni aliguna. "Na mimi ninavyomsifia kanisani."

"Unanivua nguo mbele za watu, mtoto wa dada yangu?" Mjomba alinong'ona.

"Wewe umewaibia mbele yangu," Mirelle alijibu. "Halafu nyumbani unanifundisha adabu."

Mjomba aligeukia sufuria. Alichota kamba, akaongeza mpaka mshale ukafika mbili, akausukuma mfuko bila kumtazama mtu. Mama Quispe hakuupokea.

"Hapo umenipa changu," alisema. "Iko wapi lanyapu?"

Mjomba alichota kiganja kizima akakimwaga juu.

"Sasa ndiyo asante." Mama Quispe alimgeukia Mirelle. "Kamwandikie mwalimu wako hivi: nyongeza inaanza kipimo kikishajaa. Kabla ya hapo ni mali ya mtu, na ukimrudishia kwa tabasamu bado wewe ni mwizi. Na ukiona mtu anaibiwa, sema, hata mwizi akiwa wa kwenu. Wewe leo umesema. Haya, Alcide, igeuze mizani na sisi tuione."

Mjomba aliigeuza. Yule mzee akasogea mbele.

"Nipe ratili tatu," alisema, "lakini apime huyu binti."

Mjomba Alcide alimkabidhi Mirelle upawa, na yeye mwenyewe akashika mifuko.