Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Land Cruiser nyeusi ilipaswa kukata kushoto kuelekea mahakamani. Ikakata kulia.

Kipanga aliiona. Alikuwa magari mawili nyuma yake, amelala juu ya tangi la Yamaha. Akabonyeza redio iliyo ndani ya kofia yake.

"Mkuu, gari la shahidi limepotea njia. Dereva katuuza."

"Una uhakika?"

"Njia hiyo anaijua hata akifumba macho. Katuuza."

"Basi usimwache huyo mama."

Amwache? Aliyekuwa kiti cha nyuma ni shangazi yake, dada wa baba yake, mkaguzi wa forodha. Ndiye aliyefungua kasha la vitasa vya milango ya magari lililoandikwa "vipuri vya kawaida," akakigeuzageuza kimoja mkononi, akauliza: mbona hivi havina mkono wa kufungulia ndani? Swali hilo moja likazaa kesi, na leo alikuwa anakwenda kuitolea ushahidi. Idara ilimpangia walinzi akawakataa wote. "Nipeni mtoto wa kaka yangu," alisema. "Hao wengine sijui hata walivyolelewa."

Land Cruiser ilipenya kwenye geti la karakana kubwa, ikasimama katikati ya uwanja, juani. Dereva akaruka nje, mkoba wa mama wa watu kwapani. Akabonyeza kitu mfukoni.

Tk.

Milango yote ikajivuta yenyewe, taratibu kabisa, kama inambembeleza mtu. Dirisha la paa nalo likateleza, likakaa mahali pake.

Kipanga aliiachia pikipiki ikaanguka peke yake. Alimfikia dereva kabla hajavuka uwanja, akampiga goti la mbavu na kumkalia mgongoni.

"Rimoti ya kufungua!"

"Sina! Haki ya Mungu, dada, nimepewa ya kufunga tu!"

"Ya kufungua anayo nani?"

"Mtaalamu. Yule aliyebuni huo mlango. Yumo humo ndani. Sura yake siijui."

Dereva alikuwa amejikojolea. Harufu ilipanda na joto la sakafu. Kipanga alimfunga pingu kwenye nguzo ya geti, akamnyang'anya mkoba, akajifuta mkono kwenye suruali, akajifuta tena.

Puu! Mwanamume mzima amekunywa chai ya mama huyu kila asubuhi, amemwita "mama" na kumshika mkono kwenye ngazi. Leo kamfungia kama panya.

Akavuta bastola yake, Glock. Risasi moja kwenye kioo cha nyuma. Kioo kikaota kovu jeupe, basi. Gari lenyewe lilikuwa la kuzuia risasi, limezibwa hata gesi isipenye. Idara ilikuwa imelileta kumlinda shahidi. Halafu watu wa idara, kwa akili zao, wakalipeleka kubadilishwa mipira ya milango kwa fundi wa bei nafuu. Likarudi na mipira mipya, na vitasa vipya ambavyo hakuna aliyeviagiza wala aliyevikagua.

Akampigia shangazi simu. Iliita mara moja tu, akapokea.

"Mwanangu, AC imezimika. Humu ni tanuri."

"Dawa yako ya pumu?"

"Si imo mkobani! Mkoba kaondoka nao yule mbwa."

"Ninao mimi. Vuta pumzi polepole. Usiongee, na usikate simu."

"Nisiongee, na nisikate simu. Wewe nawe."

Akakohoa. Kifua kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi.

Kipanga aliinua macho. Juu ya karakana kulikuwa na ofisi yenye kioo kipana, na nyuma ya kioo watu wamekaa, wanatazama uwanjani. Alipanda ngazi za chuma mbilimbili, akaupiga mlango teke.

Ndani kulikuwa na ubaridi mtamu. Wageni wawili wenye suti walikuwa mezani, mbele yao sahani za kuku na soda zinazotoka jasho. Ukutani palikuwa na televisheni ya Samsung, na kwenye televisheni uso wa shangazi. Walikuwa wameficha kamera ndani ya gari. Mgeni mmoja alikuwa na saa ya kupimia mbio mkononi. Mwingine alikuwa anatafuna.

Hayakuwa mauaji tu. Yalikuwa maonyesho ya bidhaa.

Nimesimulia maovu mengi, lakini haya ya mtu kunyonya mfupa wa kuku huku anatazama binadamu mwenzake anakata pumzi, nakwambia, sijui koo lake limeumbwaje.

Dalali wa biashara hiyo alisimama pembeni, amejimwagia manukato ya kumtapisha mtu, mikono juu, anatabasamu. Kipanga aliwalaza wote chini kifudifudi na kuwafunga kamba za plastiki.

"Mtaalamu yuko wapi?"

"Aliposikia risasi yako alivaa ovaroli akashuka kwa mafundi," alisema Dalali. "Wako wengi kule chini. Chagua."

"Wewe utanionyesha."

"Nikimtaja, wenye mali wataniua. Nikinyamaza, wewe utanifunga tu. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ulimi wake ulikuwa unatafuta kipande cha nyama kwenye jino. Anakitafuta kwa utulivu kabisa. Kipanga alitamani kumkanyaga mdomo huo, lakini sikioni filimbi ya shangazi ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Hakuwa na muda wa kumvunja mtu.

Akashuka mbio.

"Mkuu, kikosi kiko wapi?"

"Kimekwama. Wamelaza lori barabarani. Uko peke yako."

Mafundi walikuwa wamejipanga ukutani, ovaroli za buluu, barakoa za kupulizia rangi usoni, mikono myeusi kwa grisi. Hata huyo aliyejificha alishajipaka grisi yake. Ukiwatazama unaona macho tu, na macho ya mtu mwenye hofu yanafanana na ya mwenzake.

"Kuna mama anakufa hapo nje," alisema Kipanga. "Nani Mtaalamu?"

Fundi mmoja alitazama viatu vyake. Mwingine alitazama dari. Walimjua, bila shaka, na walimwogopa.

"Mwanangu..." ilisema simu. Kisha haikusema kitu.

Hasira ilimpanda Kipanga mpaka utosini. Kando yake palikuwa na gari jeupe la maonyesho, limeng'arishwa, mlango wake wazi. Kwa kukosa cha kupiga, aliushika mlango huo akaubamiza.

BAAM!

Mafundi hawakupepesa hata kope. Kelele za karakana ndizo walizozikulia. Lakini mahali fulani kwenye mstari mtu alivuta hewa kwa meno, kama aliyekanyagwa kidole chenye kidonda.

Kipanga aliganda. Alikuwa amesikia.

Akaufungua tena mlango, macho yake sasa kwa watu. Akaubamiza kwa nguvu zote.

BAAM!

Mabega ya mmoja yaliruka. Wa tatu kutoka mwisho.

Hakutaka kubahatisha. Alichukua nyundo juu ya meza, akaufungua mlango kwa mara nyingine, akainua nyundo juu ya bawaba.

"Taratibu, jamani!" mtu akapiga ukelele. "Huo haubamizwi! Unausukuma kwa vidole viwili, unajivuta wenyewe! Utaipinda baw..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

Mafundi waliokuwa kulia na kushoto kwake walisogea, wakamwacha amesimama peke yake. Kipanga alimvua barakoa. Uso laini, midomo yenye unyevu, ndevu zimechongwa vizuri. Akamkamata kola na kumburura mpaka uwanjani.

"Fungua."

"Haifunguki."

"Rimoti iko wapi?"

"Hakuna. Wanunuzi hawakuomba ya kufungua." Alisema hivyo bila aibu, kama fundi nguo anayeeleza kwa nini hakuweka mfuko. "Mlango wa kufunguka anaweza kutengeneza yeyote, dada yangu. Sasa huu? Ukishika, umeshika. Angalia ulivyokaa, hata wembe haupiti."

Mate yalikuwa yamejikusanya pembeni mwa midomo yake kwa raha ya kujisifu. Kifungua kinywa cha Kipanga kilipanda mpaka kooni. Akakimeza kwa nguvu.

"Mimi si dada yako. Hewa ataipata wapi?"

Kipanga akambandika Glock chini ya kidevu.

"Kuna... kuna mirija. Ya kutoa maji ya mvua kwenye dirisha la paa. Inashukia ndani ya nguzo za mlango, inatokea chini. Niliiziba kwa mpira."

"Izibue. Ninyi! Leteni mpira wa kompresa!"

Mafundi, ambao mpaka hapo walikuwa wamekaa kama magunia, waliamka wote kwa pamoja. Mmoja aliburura mpira wa upepo. Mtaalamu alilala chini ya gari, akang'oa kizibo, na upepo wa kompresa ukaanza kupanda polepole kwenye mrija.

"Shangazi! Hewa inaingia juu, kwenye paa! Weka uso hapo!"

Akagonga paa kwa kiganja.

"Shangazi!"

"...nimesikia," sauti ilitoka kwa shida. "Usinipigie kelele."

Kipanga alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Sasa mlango."

"Pini za bawaba," alisema Mtaalamu, ameangusha kichwa. "Zinagongwa kutoka chini. Ukizigonga kutoka juu zinajikaza, hata grenda ya kukatia chuma utahangaika nayo. Lakini sikiliza, ukizitoa hivyo, ukingo wote utapinda. Rangi itachubuka. Huu ndio wa kwanza, mama. Ndio wa kwanza niliouchonga kwa mkono wangu."

Kipanga alimtia nyundo mkononi. Bunduki haikuhama.

"Gonga."

Akagonga. Pini ya chini ilitoka, na Mtaalamu akaanza kulia. Pini ya juu ilipotoka alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtiririka, anapapasa chuma kilichochubuka kwa kiganja. Mafundi walipachika mitaimbo upande wa bawaba, wakasukuma. Mlango mzito ulilia, ukapinda, ukaachia.

Joto lilitoka humo kama la chungu kilichofunuliwa. Kipanga alimpokea shangazi yake mikononi, mwepesi, amelowa chapachapa, midomo imekuwa ya kijivu. Akampa dawa. Mvuto wa kwanza. Wa pili. Rangi ikaanza kurudi taratibu. Fundi mmoja alileta maji, akageuka kando asimtazame usoni.

Shangazi alikaa kwenye kivuli cha gari mpaka filimbi ya kifua ikatulia. Kisha akamwona yule mtu aliyepiga magoti, amekumbatia mlango, mabega yanatikisika.

"Huyo ananililia mimi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. "Mwambie basi, nimepona."

"Hakulilii wewe, shangazi. Analilia mlango."

Shangazi alimtazama. Alimtazama mpaka machozi ya Mtaalamu yakamwishia kwa kutazamwa. Kisha akachukua maji, akasukutua, akayatema hatua moja kutoka kwenye viatu vya mtu yule. Hakumtukana.

"Niinue," alimwambia Kipanga. "Mahakama haijafungwa bado. Nilikuwa nitoe ushahidi wa kitasa. Sasa nina cha kuwaambia zaidi ya kitasa."

"Hospitali kwanza."

"Hospitali baadaye. Nyoosha gauni langu hapo nyuma."

Kikosi kiliwasili, ving'ora vikipiga makelele yasiyo na kazi. Wageni walishushwa ngazi, mmoja bado ana mafuta ya kuku kidevuni. Dalali alishaanza kumtaja kila mtu bila kuulizwa. Shangazi alipandishwa gari la polisi lililo wazi nyuma, akakaa wima na mkoba wake mapajani.

Redio ikakoroma.

"Kipanga, kazi safi. Huyo Mtaalamu unataka kumhoji mwenyewe?"

Kipanga aliitazama mikono yake. Grisi ya mtu yule ilikuwa imemshika mpaka kwenye kucha.

"Hapana, Mkuu. Mpe mtu ambaye bado hajala."

Akazima redio, akaenda kutafuta sabuni.