Mke wa Kwenye Fomu

Kondakta wa basi la Kigoma alikuwa ameshatangaza mara tatu kwamba hamsubiri mtu, lakini yule kijana aliruka chini hivyo hivyo, akakwepa matenga ya nyanya na pikipiki za watu, akaingia studio ya Nasma akiwa anahema.

“Mwidiwe, dada! Picha nne za pasipoti. Fanya haraka, basi linaniacha.”

“Salama, kaka. Sasa shati jeupe na pazia langu jeupe, si utatokea kichwa kitupu?”

Ilikuwa Machi 2013, siku ya soko, na stendi ya Kasulu ilikuwa imefurika watu mpaka kwenye ngazi za maduka. Nasma Abdalah, binti wa miaka ishirini na minne, alivaa gauni la zambarau na mtandio wa manjano alioubana kwa pini moja tu, maana alijua unampendeza ukiteleza kidogo. Alitungua koti la baba yake kwenye msumari, akamvisha mgeni. Lilimpwaya mabegani na lilinukia udi wa Ijumaa.

“Usicheke. Picha ya pasipoti haichekwi.”

“Sicheki.”

“Naona mpaka magego.”

“Wewe ndiye unanichekesha. Umenuna kama unasafiri wewe.”

Picha ya kwanza alitoka anacheka, ya pili amefumba macho, ya tatu anamtazama mpiga picha badala ya kamera. Nje honi ikalia, ikalia tena, kisha injini ikaunguruma na kupotea upande wa Kigoma.

“Basi lako limeondoka,” Nasma akasema.

“Nimelisikia.”

“Na hukusema kitu?”

“Picha ilikuwa haijatoka vizuri.”

Ndivyo jambo lenyewe lilivyoanza. Na ukiniuliza mimi, mtu anayekubali kuachwa na basi amekaa kwenye kigoda, huyo akili ilishamwacha mapema.

Jina lake lilikuwa Nurudini Twalibu, mtoto wa wakulima wa Gwarama. Kazi yake ilikuwa Kibondo, kuoka mikate katika jiko la shirika moja la misaada. Wakala mmoja wa Dar es Salaam alikuwa anatafuta waokaji wa kwenda kufanya kazi kwenye meli ya watalii, na Nurudini alikuwa ameitikia wa kwanza.

“Watu elfu mbili ndani ya meli moja?” Nasma alimuuliza kwenye simu jioni ile ile.

“Ego, ndiyo. Na wote wanataka mkate wa moto asubuhi.”

“Utawaweza?”

“Nikikukumbuka wewe nawaweza.”

“Mwone! Tumeonana leo tu.”

Kuanzia hapo, kila siku saa moja jioni simu ililia. Ilikuwa lazima Nurudini atoke nje ya jiko, apande kilimani kidogo ndipo mtandao ukae sawa, kwa hiyo Nasma alizoea kumsikia akihema kwanza kabla ya salamu.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula ugali na maharage.”

“Muongo. Hiyo sauti ni ya njaa.”

“Hii sauti ni ya kukukosa, Nasma.”

Jumapili moja moja alishuka Kasulu na mikate iliyofungwa kitambaa cheupe, imebonyea kwa safari. Wakaila pamoja nyuma ya pazia la studio, na yeye akisifia chai kana kwamba Kibondo nzima hakuna majani ya chai. Mwezi wa nane zilikuja fomu za meli, na Nasma ndiye aliyezichapa.

“Gwarama ni wilaya gani siku hizi?”

“Kakonko. Si wametumega kutoka Kibondo mwaka jana.”

Nasma akachapa Kakonko penye mahali pa kuzaliwa, bila wasiwasi wowote, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa sasa. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba cheti cha kuzaliwa na pasipoti, vyote viwili, vinasema Kibondo. Nafasi ya mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo akaiacha wazi.

“Hiyo ujaze mwenyewe kwa kalamu. Mwandike mama yako,” alisema, na Nurudini akaikunja fomu, akaitia mfukoni.

Siku hiyo hiyo Mzee Abdalah, mwenye duka la vitambaa pale jirani, alimsimamisha kijana mlangoni. Alimpenda, kusema kweli, lakini ni baba.

“Kijana, hapo ulipo una nini?”

“Nina mikono, mzee.”

“Mikono kila mtu anayo.”

Nurudini alicheka kwa adabu, akaaga. Lakini neno lile lilimkaa. Jioni hiyo simu ilikuwa fupi, na zilizofuata zikawa fupi zaidi.

Jumapili ya mwisho mwezi wa kumi na moja alikuja kuaga. Nasma alikuwa amechora hina, amevaa gauni jipya la kijani lenye nakshi kifuani, na tangu asubuhi alikuwa anangoja neno moja tu. Wameondoka wangapi, alijiambia, lakini wameacha neno.

Nurudini alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia yake mkononi.

“Nasma, miezi tisa melini ni mingi. Usijifunge kwa ajili yangu.”

“Nani kakuambia nimejifunga?”

“Nimesema tu.”

“Umesikika. Safari njema.”

Akavuta pazia. Upande wa pili alisikia viatu vyake vikisimama muda mrefu, kisha vikaondoka. Wote wawili walikuwa wanalia na kila mmoja alidhani mwenzake ana moyo wa jiwe.

Siku kumi na moja simu haikulia. Nasma alimtamani mpaka akaona aibu. Alitamani kule kuhema kwake kabla ya salamu. Ikifika saa moja jioni aliishika simu mkononi, akijiambia anatazama saa. Ujumbe aliandika mara nyingi, akafuta. Mpige basi, nafsi ilimwambia. Apige yeye, nafsi hiyo hiyo ilijibu.

Alhamisi, saa tisa alasiri, alikuwa anamtolea kopi za mitihani mwalimu Kipriani wakati simu ilipoita kwa namba asiyoijua.

“Habari za mchana. Naongea na Nasma Abdalah?” Sauti ya mwanamke, ya kikazi.

“Ndiye mimi.”

“Napiga kutoka uhamiaji, uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Unamfahamu Nurudini Twalibu?”

“Amefanya nini?”

“Hajafanya kitu. Yuko hapa mbele yangu, anasema anakwenda Dubai kupanda meli ya kazi. Pasipoti inasema amezaliwa Kibondo, fomu ya mkataba inasema Kakonko. Vijana wengi siku hizi wanadanganywa kazi za nje, dada yangu, sipitishi mtu kwa maneno yake peke yake. Nataka kusikia kwa mtu wake. Nisiporidhika, anarudi nyumbani akarekebishe karatasi.”

“Na meli?”

“Anasema inaondoka kesho. Haimsubiri.”

Mashine ya kopi ilikuwa bado inatema karatasi. Nasma aliizima. Lilikuwa jambo jepesi mno. Aseme simjui, au akate simu tu, na keshokutwa Nurudini angeshuka stendi ya Kasulu na begi lake. Angemwona. Na alimtaka, Mungu wake anajua, alimtaka pale pale, na koti linalompwaya na magego yake yote.

“Dada, upo?”

“Nipo.” Akaishika simu vizuri. “Afisa, Gwarama ni moja. Zamani ilikuwa wilaya ya Kibondo, mwaka jana ikawa Kakonko. Ile fomu nilichapa mimi. Yeye hana kosa, kosa ni langu. Kazi ni ya kweli, barua zote za wakala zimepita mikononi mwangu. Mruhusu aende.”

“Sawa. Na wewe ni nani kwake?”

Nasma alifikiria. “Rafiki.”

“Mbona hapa ameandika wewe ni mke wake?”

Mwalimu Kipriani aliinua kichwa, maana Nasma alishika meza kwa mikono miwili na simu ikabaki imebanwa begani.

“Ameandika wapi?”

“Kwenye fomu. Kwa kalamu. Mtu wa kupigiwa simu: Nasma Abdalah, mke. Kwa hiyo amesema uongo?”

“Hapana, afisa. Hajasema uongo.” Sauti ilianza kutetemeka, akaiacha itetemeke. “Amewahi tu. Bado hajaniposa, lakini akiniposa nitakubali. Ndiyo, ni mume wangu.”

Kule Dar es Salaam mtu alikohoa.

“Amesikia,” afisa alisema, na sasa hakuwa wa kikazi sana. “Simu iko kwenye spika. Na foleni nzima imesikia. Kijana, dakika moja, kuna watu nyuma yako.”

“Nasma.” Alikuwa anahema, kama amepanda kilima.

“Nurudini, ulishindwa kuniambia mwenyewe mpaka ukaiambia serikali?”

“Niliandika siku ile ile uliponipa fomu. Halafu baba yako akaniuliza nina nini, nikaona aibu. Nikaona nikikufunga miezi tisa na sina kitu, nakudhulumu.”

“Umenidhulumu kwa kuniacha bila neno.”

“Nisamehe, mpenzi wangu. Nitampigia baba mdogo sasa hivi, kabla sijapanda. Wazee watakuja Jumapili. Utanisubiri?”

“Nakusubiri tangu Machi, mjinga wewe. Nenda. Ule vizuri.”

“Nakupenda, Nasma.”

“Na mimi nakupenda. Nenda, watu wako nyuma yako.”

Alisikia mhuri ukigonga, kavu, mara moja. Kisha simu ikakatika.

Alipogeuka, baba yake alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni. Mwalimu Kipriani aliinamia mitihani yake kana kwamba anaisahihisha.

“Nimesikia mume,” Mzee Abdalah alisema. “Mume wa nani?”

“Wangu, baba. Wazee wake wanakuja Jumapili kutoka Gwarama. Uwapokee vizuri, tafadhali.”

Mzee alitaka kukasirika, lakini alipoiona sura ya binti yake hasira haikumjia.

“Haya, tutawapokea. Na yeye mwenyewe yuko wapi?”

“Ndiyo kwanza ameondoka, baba,” Nasma akasema, na hapo ndipo alipolia.