Kichochoro Ambacho Chiriku Hakukipita

Kila Jumamosi Chiriku alifua sare zake, akazianika, kisha akachukua simu ya shangazi yake na kwenda kuchora mtaa. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Shangazi alikuwa muuguzi wa zahanati, na ndiye aliyekusanya watu wa kujitolea kuchora ramani. Njia za mtaani kwao hazikuwa na majina. Mgonjwa akizidiwa, wabeba machela walizunguka kama pia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Simu ilifuata miguu yako na kuacha mstari. Ukifika kwenye bomba, ngazi au lango, unasimama, unaweka alama. Ramani ilikuwa wazi kwa kila mtu kuitumia. Sheria ilikuwa moja: usichore njia ambayo mguu wako haujaikanyaga. Picha ya angani huonyesha mapaa, lakini ukuta ukitazamwa kutoka juu ni mwembamba kama uzi.

Jumamosi moja alibakiza kichochoro cha nyuma ya bucha. Mbwa wa mwenye bucha walikuwa wamefunguliwa, na mmoja alishawahi kummega paja mtoto wa jirani. Chiriku akaketi kizingitini, akatazama picha ya angani, akachora mstari kwa kidole.

"Umekipita?" shangazi aliuliza.

"Nimekipita, mpaka karakana ya kaka."

Kaka yake alikuwa akijifunza useremala huko. Siku chache baadaye, mchana, karakana ilivamiwa. Tajiri mmoja alikitaka kile kiwanja na mafundi walikataa kuhama, basi akatuma vijana wenye nondo na mapanga. Hawakusalimia mtu. Pigo la kwanza lilimvunja fundi mkuu mkono. Wakatia mbao moto. Kaka yake Chiriku alijikinga kwa ubao. Panga likaupasua, likashuka hadi pajani. Damu iliruka ikagonga ukuta.

Chiriku alikuwa zahanatini, habari za kaka yake zimeshafika, simu ya shangazi ilipolia. Aliyepiga alikuwa kinyozi wa mtaa, aliyetangulia na mwenzake kupeleka machela karakanani.

"Dada muuguzi, nyuma ya bucha hapapitiki! Ramani inasema twende moja kwa moja, mbele yetu ni matofali matupu!"

Kikasikika kishindo, kisha yowe. Wavamizi wawili waliokuwa wakilinda nje walikuwa wamewakuta pale.

"Wanatupiga, dada! Wana nondo!"

Chiriku alisikia kila neno. Angeweza kusema ukuta umejengwa jana. Nani angejua? Lakini kaka yake alikuwa akivuja damu.

"Shangazi, sikukipita. Nilichora nimekaa. Niliogopa mbwa."

Shangazi alimtazama kwa jicho lililouma kuliko kofi. "Ni njia ipi uliyoipita kwa miguu yako?"

"Ya uani kwa fundi cherehani. Inatokea nyuma ya karakana."

"Shika simu. Waelekeze!"

"Kimbieni mrudi bombani!" Chiriku alipiga kelele. "Kushoto! Kuna lango la bati, lisukumeni kwa bega, limekwama chini!"

Alisikia mihemo, bati likigonga, kisha moto ukilia kama mvua. Hatimaye kinyozi akasema, "Tumempata."

Kaka aliletwa mweupe kama jivu, paja limefungwa mkanda. Alishonwa, akapona, ila mguu mmoja ukawa mzito. Polisi waliwakamata wavamizi na tajiri wao. Kinyozi alipoteza meno mawili ya mbele.

Jumamosi iliyofuata shangazi alimpeleka Chiriku kichochoroni, fimbo mkononi, kinyozi nyuma yao. Mbwa walibweka, wakaiona fimbo, wakanywea. Chiriku alitembea mpaka akaugusa ukuta. Akafuta mstari wake, akaweka alama ya ukuta. Ndipo akamgeukia kinyozi, machozi yakimtoka.

"Nisamehe, mjomba."

"Miaka yote nanyoa watu," kinyozi alisema, pengo likipiga mluzi, "leo nimenyolewa mimi, tena meno!"

Chiriku alitaka kucheka, akashindwa.

"Kuogopa mbwa si kosa," shangazi alisema. "Ungesema hujapita, ningekuja na fimbo hii siku ileile. Uliposema umepita, ulimtuma mwenzako akapigwe badala yako. Usipojua, acha pawe peupe kwenye ramani. Mtu akiona peupe atauliza njia. Akiona mstari wako, mwanangu, atakuamini, na atakuja mbio."