Kazi Nne za Tarehe Tisa

Mwili wa fundi mwashi ulitolewa chini ya slabu ya ghorofa ya kwanza, kofia ngumu ikiwa bado kichwani. Zege lilikuwa na umri wa siku nne tu. Mirunda iliyokuwa ikiishikilia slabu ilikutwa pembeni, imepangwa vizuri kama kuni za kuuzwa.

Msimamizi wa ujenzi, ambaye dada yake ndiye mke wa marehemu, aliwekwa mahabusu siku hiyo hiyo.

"Nani aliamuru mirunda itolewe?" Inspekta aliuliza kwa mara ya sita.

"Ratiba, afande."

"Ratiba ina mdomo?"

"Ilibandikwa ukutani asubuhi. Kuondoa mirunda, tarehe tisa."

Lakini ratiba ya ofisini ilisema tarehe ishirini na sita. Meneja akasema msimamizi anajitetea. Karani akasema labda ni kompyuta. Inspekta alikuwa amechoka kusikia habari za kompyuta, maana haitiwi pingu.

Akarudi eneo la tukio, akapekua vifusi mpaka akaipata ile karatasi. Tarehe tisa: kuondoa mirunda. Tarehe tisa: kufunga madirisha. Tarehe tisa: kupaka rangi. Tarehe tisa: kumkabidhi mwenye nyumba funguo. Nyumba yenyewe haikuwa na hata paa. Hasira zilimpanda. Watu wazima na akili zao walikuwa wameisoma karatasi hiyo wakaendelea na kazi.

Mratibu wa mradi, mwanamke mwenye miwani minene, aliisogeza karatasi karibu akaisoma.

"Kazi hizi nne zina nini?"

"Sikuziandikia tarehe ya kuanza. Mirunda ilisubiri majibu ya maabara kuhusu zege, na hizo nyingine zilisubiri mirunda. Nilipouhamisha mpango kwenye programu ya ratiba asubuhi ile, ikajaza penye nafasi tupu tarehe ya siku ile."

"Na hii ishirini na sita ya ofisini?"

"Niliiandika baada ya slabu kuanguka."

Inspekta akaweka rekodi ya simu mezani. "Slabu ilianguka saa nne. Saa mbili na dakika kumi msimamizi alikupigia. Mliongea nini?"

Mratibu akavua miwani. "Aliniuliza, 'Mratibu, ni leo kweli?' Nikafungua ratiba, nikaliona kosa. Nikamwambia afuate karatasi."

"Kwa nini?"

"Ndani ya mwezi mmoja nilishairekebisha mara tatu. Meneja aliniambia nikiirekebisha tena nije na barua ya kuacha kazi. Niliogopa, afande. Nikajipa moyo kwamba atakataa, zege analijua kuliko mimi."

Inspekta alimwacha akiandika maelezo yake, akaenda kufungua mlango wa mahabusu.

"Mratibu amekiri. Siku mbili umenizungusha. Kwa nini hukuniambia kwamba ulimpigia?"

Msimamizi hakuinuka.

"Ningekwambia nilipiga, ungeniuliza kwa nini nilipiga, kisha kwa nini niliendelea," alisema. "Na huko nyumbani dada yangu ataniuliza hivyo hivyo."