Ng'ombe Kumi na Wanane wa Kabula

Umewahi kumwona msichana analia kwa uchungu kwa sababu ametolewa ng'ombe kumi na wanane, tena wanene, mitamba sita miongoni mwao? Basi sogea usikie ya Kabula binti Mayunga.

Ulikuwa msimu wa pamba wa mwaka elfu mbili, makampuni ya watu binafsi yameshajaa yakigombea wakulima na chama cha ushirika. Kabula alipeleka pamba ya kwao kwenye mzani wa kampuni moja pale Dutwa. Foleni ya baiskeli na mikokoteni ilifika mpaka barabarani, na kila mtu alikuwa na nyuzi za pamba nyweleni. Kabula alivaa kitenge cha maua ya manjano na katambuga za tairi. Mpimaji alikuwa kijana mrefu, shati la mistari, kalamu sikioni, jina lake Malimi. Kabula, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, akamwambia apime upya.

"Ng'wana Mayunga, mzani huu hauna ugomvi na wewe," Malimi akasema.

"Mzani hauna. Mkono wako ulioegemea ndio unao."

Foleni nzima ikacheka. Malimi akaondoa mkono, zikaongezeka kilo tatu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Kila Jumamosi akawa anampandisha baiskeli mpaka Bariadi, wanakunywa soda karibu na stendi. Alimwita mpenzi, alimwita kipenzi cha roho, akamwomba amwambie neno moja tu la kumtuliza. Kabula alicheka, akazungumza habari za mvua. Neno alikuwa nalo, lakini aliogopa kulitoa kabla ya jambo lake jingine kukamilika, na jambo hilo alimwambia mama yake peke yake. Alikuwa ameomba Ufadhili wa Kumbukumbu ya Profesa Marcelo, mtoto wa Nassa aliyefundisha chuo kikuu mpaka kifo chake. Kila mwaka mjane wake, Mama Generoza, alimlipia kijana mmoja wa huku masomo yote. Lakini msichana aliyeposwa hakupokelewa. Msichana wa kwanza kufadhiliwa alitolewa chuoni mwaka wa pili akaolewa, kwa sababu ng'ombe wa mahari yake baba alishawatumia kumwozea kaka yake.

Ni desturi ya kamati ya ufadhili huo kufika nyumbani kwa mwombaji. Jumapili moja Landrova ikasimama kwa Mzee Mayunga, wakashuka Mama Generoza na wanaume wawili wenye suti. Wakauliza umri wa binti, afya yake, tabia yake, na kama ameposwa. Majirani waliokuwa uani wakasikia maswali hayo, na maswali hayo huku kwetu huulizwa na watu wa aina moja tu, washenga. Jumatatu Dutwa nzima ilijua kwamba Kabula anachukuliwa na watu wa gari.

Malimi akamkimbilia baba yake, Mzee Mashimba. Jumanne, Kabula akiwa mjini kupiga picha za fomu, ng'ombe kumi na wanane wakaingia zizini kwao, na Mzee Mayunga akawapokea kwa mikono miwili. Ijumaa kamati ingekaa kumteua mtu mmoja.

Jumatano asubuhi Kabula alisimama kwenye kibanda cha simu Bariadi, akapiga ofisini kwa akina Malimi.

"Mwangaluka, kipenzi," Malimi akaitika. "Umewaona?"

"Umeniua, Malimi."

Akamweleza yote, gari la nani, maswali ya nini. Malimi akauliza kwa nini hakumwambia.

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

"Nimekuuliza tangu mwezi wa sita, Kabula. Unanijibu mvua."

 Kabula akamwambia kwamba Mzee Mayunga hatakubali kuwatoa ng'ombe hao. Awatoe yeye aliyewaleta. Malimi akasema hajui anachomwomba. Ng'ombe wa posa wakirudi, wanapita njia ileile mchana, na kila mtu anajua kijana amekataliwa.

"Mzee wangu atanifukuza," akasema, akakata simu.

Siku ile Kabula hakula. Alhamisi saa nne alikuwa anapepeta mtama akasikia mluzi zizini. Alikuwa Malimi, peke yake, fimbo mkononi. Mzee Mayunga alifoka mpaka koo likakauka, akamwita mtoto asiye na msimamo. Malimi aliinamisha kichwa, akafungua lango. Hakumwangalia Kabula. Njiani Dutwa wanawake wa sokoni walimwuliza kama binti alimkataa kwa sura au kwa miguu. Alipita katikati yao na kundi lake bila kujibu.

Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa Bariadi, Mama Generoza alimtazama Kabula juu ya miwani.

"Nasikia kwenu kuna ng'ombe."

"Walikuwapo, mama. Wamerudi kwao jana."

"Nani kawarudisha?"

"Aliyewaleta."

 Mama Generoza akasema kwamba tangu aanze kazi hii hajasikia jambo kama hilo, akavuta karatasi, akaandika jina.

Malimi alikuwa amesimama nje ukutani, suruali imejaa vumbi la Dutwa, macho mekundu. Baba yake alikuwa bado hasemi naye.

"Wamesemaje?"

"Mwezi wa kumi naondoka."

Malimi akaitikia kwa kichwa. Akamwambia hongera, akainama kuinua baiskeli yake. Kabula akashika usukani.

"Nakupenda, Malimi," akasema, wapita njia wakisikia. "Nilitaka kukwambia tangu mwezi wa sita, nikaogopa. Ningoje nimalize. Na siku ukija kwetu tena, anza na mimi, ng'ombe wafuate."